Habari za Ngitili: Namna Miti Ilivyorudishwa Katika Nchi ya Usukuma

Ndugu wanachama, huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ya kuwa katika kitabu hiki cha kuadhimisha mwaka wa kumi wa chama kikuu chetu, baina ya habari za mizani, bei za pamba na hesabu za vyama vya msingi, tumetia habari za miti. Hatukuzitia ili kujaza karatasi. Sisi tunaolima pamba na kufuga ng'ombe katika nchi hii tumekula matunda ya kazi iliyofanywa na wanavijiji kabla ya chama hiki kuzaliwa, na wengi wa vijana wetu wanaochunga mifugo chini ya kivuli leo hawajui ya kuwa mahali hapo, miaka arobaini iliyopita, palikuwa peupe kama sakafu. Jambo lisiloandikwa husahauliwa upesi, na ardhi ambayo historia yake imesahauliwa huuzwa kwa bei ya chini. Basi twapenda kuieleza habari hii tangu mwanzo wake.

Nchi ya Shinyanga haikuumbwa jangwa. Upande wa magharibi, huko Kahama na Bukombe, palikuwa na miombo, yaani misitu ya mitundu, mininga na miti mingine ya jamii zake, ambayo huacha majani wakati wa kiangazi na kuchipua hata kabla mvua haijanyesha. Upande wa mashariki, kupitia Shinyanga yenyewe hata Maswa na Meatu, palitawaliwa na migunga ya namna nyingi, pamoja na mipingo, mikwaju na mibuyu. Mvua ya nchi hii ni haba: kwa kawaida milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo hukusanyika katika miezi michache, kisha huja kiangazi kirefu ambacho ng'ombe hukonda na visima hukauka. Mti wa kienyeji umeizoea hali hiyo. Mizizi yake hushuka chini sana, nao hujua kungoja. Ukikatwa leo, kisiki chake hukaa hai ardhini mwaka baada ya mwaka, kikitoa machipukizi kila msimu hata kama mbuzi anayala kila msimu. Tunaomba msomaji alishike jambo hili la visiki, maana ndilo lililoiokoa nchi.

Adui wa kwanza wa misitu hiyo alikuwa mbung'o, au tuseme vita vya kupigana na mbung'o. Nzi huyo alileta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na palipokuwa na kichaka chake hapakukaa zizi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Serikali ya Kiingereza ilimleta Bwana C. F. M. Swynnerton, ambaye alifanya Shinyanga kuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o kwa Tanganyika nzima. Habari za majaribio yake ya Shinyanga zilichapishwa mwaka 1925, na aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa iliyoonekana kufaa ilikuwa kufyeka. Mbung'o huhitaji kivuli. Ukimwondolea kivuli hufa au huhama. Basi watu kwa maelfu, chini ya watemi wao, walitoka na mashoka na kuangusha vichaka, wakafuatwa na ng'ombe, na ng'ombe wakafuatwa na majembe. Hatuwalaumu wazee wetu waliofyeka. Mtu aliyeona zizi lake limekwisha kwa nagana hakuweza kuutazama msitu kwa jicho lile tunaloutazamia sisi leo. Walakini ni kweli kwamba vizazi viwili vya watu vilifundishwa ya kuwa kukata mti ni maendeleo, na fundisho hilo halikutoka upesi mioyoni.

Adui wa pili ni wetu wenyewe, nasi hatuna budi kumtaja katika kitabu cha ushirika. Baada ya mwaka 1945 pamba ilipanda bei, na Usukuma ikageuka kuwa ghala la pamba la nchi. Wakulima walichoka kupunjwa katika mizani ya wafanya biashara, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganika katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo kiongozi wake mkuu alikuwa Bwana Paul Bomani. Sifa za shirikisho hilo zajulikana: lilinunua pamba, likamiliki vinu vya kuchambulia, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya Waafrika katika bara letu. Lakini kila robota la pamba lilitoka katika shamba, na shamba lilitoka katika kichaka. Plau ya kukokotwa na ng'ombe iliwezesha nyumba moja kulima eka ambazo zamani zingehitaji ukoo mzima. Fedha ya pamba nayo haikuwekwa benki. Ilinunua ng'ombe, na ng'ombe walihitaji malisho, na malisho yalikuwa yanalimwa pamba. Hesabu hiyo haikuweza kufungwa vizuri, na kwa muda mrefu hakuna chama kilichoiandika katika vitabu vyake. Tunasema haya bila kuvunja heshima ya waanzilishi, maana wao walikuwa na vita vingine vya kupigana, navyo walivishinda.

Haikosi kusemwa pia ya kuwa watu walionywa mapema. Tangu mwaka 1947, katika mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, mabwana shamba wa Kiingereza waliona udongo unachukuliwa na maji, wakatunga amri: fungeni matuta, wekeni samadi, punguzeni ng'ombe. Nyingi za amri hizo zilikuwa na akili ndani yake. Lakini zililetwa na karani wa baraza mwenye kitabu cha faini, na watu wakazichukia pamoja na yule aliyezileta. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, hifadhi ya ardhi ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa jambo la mkoloni. Hasara ya amri isiyo na mashauri ni hiyo: hata ikiwa ya kweli, hufa na bwana wake, tena humfanya yule ajaye baadaye na neno lile lile apate taabu ya kusikilizwa.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mashamba yake na malisho yake, zilikusanywa mahali pamoja. Shule na zahanati zilipatikana karibu, na hilo si dogo. Lakini malisho ya akiba yaliyokuwa yakitunzwa na kila mji yaliachwa bila mwenyewe, na karibu na vijiji vipya kila mti ulikatwa kwa kuni na kwa nguzo za nyumba. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, visirudi mpaka sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu. Katika muda huo mkulima hakuwa na chombo chake cha kusemea, wala kuhusu pamba wala kuhusu ardhi.

Hali ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenye umri wetu hawahitaji kuambiwa. Mama aliondoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likiwa limepanda sana. Nyumba nyingi zilipikia mabua na samadi kavu, ile samadi ambayo ingepaswa kwenda shambani. Mashina ya pamba, ambayo sheria yatutaka kuyang'oa na kuyateketeza baada ya mavuno ili wadudu wasipate makao, yalibebwa nyumbani kuwa kuni. Na hapo, kwa mara moja, shida na sheria vilikubaliana. Upepo wa Agosti ulikuwa ukinyanyua udongo wa luseni hata mtu asione boma la jirani. Ng'ombe walikuwa wengi, nyasi hazikuwapo, na wafugaji wakaanza kuhama na makundi yao kwenda kusini, Rukwa, Mbeya na hata zaidi.

Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais, alizuru Shinyanga, akaona nchi ilivyokuwa. Kutokana na ziara ile Serikali iliazimia kufanya jambo, na mwaka 1986 ukaanzishwa mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu wote waliujua kwa jina fupi la HASHI. Nchi ya Norwei ilisaidia fedha, na baadaye wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao Nairobi, yaani ICRAF, wakaungana nao. Mpango huo uliendelea mpaka mwaka 2004.

Mwanzo wake ulikuwa wa kiserikali, kama ilivyo desturi. Vitalu vikubwa vilianzishwa, miche ikaoteshwa, nayo mingi ikiwa ya miti ya kigeni inayokua upesi, ikagawiwa kwa wananchi wakapande. Watu walijitolea, shule zikajitolea, mashimo yakachimbwa. Lakini aliyepanda mche katika nchi kavu ajua kisa chake. Mche wa kitaluni umezoea kunyweshwa. Ukifikishwa katika udongo wa itogolo, ulio mgumu kama tofali, mvua ikikatika juma tatu hunyauka. Usiponyauka, mchwa huja chini; mchwa akikosa, mbuzi huja juu. Tena mti wa kigeni mtu huutazama kama wa bwana misitu: alipe yeye, aunyweshee yeye.

Basi watumishi wa mpango, na hapa ndipo tunapowasifu, walifanya jambo ambalo si kila mtaalamu hulifanya. Waliketi na wazee wakawauliza: ninyi, kabla yetu, mlikuwa mkihifadhije nyasi? Na wazee wakajibu kwa neno moja: ngitili.

Ngitili ni desturi ya Wasukuma na jirani zao, nayo ni rahisi kueleza. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mwenye mji huchagua sehemu ya ardhi na kuifunga. Haweki seng'enge, huenda akaweka miiba hapa na pale, au alama tu, lakini kila mtu hujua ya kuwa pamefungwa. Nyasi hukua mvua zote bila kuguswa, hukomaa, hukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, Julai au Agosti na kuendelea, ngitili hufunguliwa, wala si yote kwa siku moja: hulishwa kipande kwa kipande, ili chakula kifike mpaka mvua nyingine. Hapo zamani, kundi kubwa lilipopelekwa mbali kutafuta malisho, waliobaki nyumbani ndio waliokula ngitili: ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa, na maksai wa plau, ambao lazima wawe na nguvu siku ile mvua ya kwanza inaponyesha. Mkulima wa pamba hahitaji kufafanuliwa thamani ya jambo hilo. Maksai aliyekonda hupanda pamba kwa kuchelewa, na pamba iliyochelewa haina deni inayoweza kulipa.

Jambo ambalo wazee hawakulisema sana, kwa kuwa kwao halikuwa la ajabu, ni hili: pasipoliwa kwa miezi minane, si nyasi tu zinazoota. Vile visiki tulivyovitaja mwanzo hupata nafasi. Chipukizi ambalo kila mwaka lilikuwa likiliwa likiwa na urefu wa kidole sasa hufika magotini, mwaka wa pili kiunoni, na baada ya miaka mitatu au minne mbuzi halifikii tena. Mbegu za mgunga zilizopita katika tumbo la mbuzi na kuanguka na mavi yake nazo huota. Kwa njia hiyo miti ya asili ilirudi yenyewe mahali ambapo macho ya mgeni yangeona udongo mtupu. Mti uliotoka katika kisiki una mizizi ya baba yake, hauombi kunyweshwa.

Lakini si kweli kwamba kupanda kuliachwa. Palipokuwa pamelimwa na plau miaka mingi, visiki vilikuwa vimekwisha kung'olewa, na huko ilibidi watu wapande kwa mikono. Vitalu vilihamishwa kutoka makao makuu vikapelekwa vijijini, mashuleni na majumbani, na wakulima wakaanza kukusanya mbegu za miti waliyoitaka wenyewe. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu. Humwagiwa maji ya moto na kuachwa usiku kucha, kisha husiwa. Ikisiwa bila kufanyiwa hivyo, yaweza kukaa udongoni miaka bila kuota. Maarifa madogo kama haya yalipita kutoka nyumba hadi nyumba, hasa kupitia kina mama na watoto wa shule, kwa haraka kuliko barua yoyote ya ofisi. Watu walipanda katika mipaka ya ngitili, kando ya mashamba na kuzunguka miji yao. Migunga ilipendwa kwa sababu huwapa mbuzi maganda ya mbegu wakati wa njaa, hutoa kuni njema, tena mizizi yake hurudishia udongo naitrojeni iliyochukuliwa na mazao.

Sasa, kufunga ardhi ni jambo moja na kuilinda ni jingine. Hapakuwa na polisi wa kutosha kulinda hata sehemu moja ya kumi ya ngitili hizo. Kazi ilifanywa na vyombo vya watu wenyewe. Katika dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma ambamo kila mtu mzima ana haki ya kusema, wanakijiji walikubaliana ni wapi pafungwe, ni lini pafunguliwe, na aliyeingiza ng'ombe kwa wizi atozwe nini. Ulinzi ulifanywa na sungusungu, ambao walikuwa wametokea mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupigana na wezi wa ng'ombe, na ambao walijua kila njia na kila kwato. Kisha halmashauri za vijiji zikaandika makubaliano hayo kuwa sheria ndogo, ili hata mgeni asiyeijua dagashida aweze kushtakiwa. Msomaji alinganishe na zile amri za mwaka 1947. Neno lilikuwa karibu ni lile lile, yaani punguza malisho, linda udongo. Lakini safari hii lilitungwa na wale wale ambao wangelipa faini, na hiyo ndiyo tofauti yote.

Haikuwa kazi ya siku moja, wala haikuwa bila ugomvi. Yuko mtu aliyemwona jirani anafunga ardhi akadhani anajipatia shamba la bure. Wako vijana walioona ni upuuzi kuacha nyasi zikauke zimesimama huku ng'ombe wanalia. Katika vijiji vingi ilianza nyumba moja au mbili. Kiangazi kikaja, maksai wa nyumba hizo wakasimama na wa wengine wakalala chini, na mwaka uliofuata nyumba ishirini zikafunga. Nasi twadhani hakuna mkutano wa hadhara ulioweza kuhubiri vizuri kuliko hivyo.

Twende kwenye hesabu, maana maofisa wetu hawaridhiki bila hesabu. Mpango ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji 833, ilikadiriwa ya kuwa zilikuwapo hekta baina ya 300,000 na 500,000, nyingi zikiwa za kaya, na chache za vijiji, mashule na vikundi. Tukumbuke ya kuwa hesabu hizo ni za Mkoa wa Shinyanga wa zamani, uliokuwa na watu karibu milioni 2.8 katika sensa ya mwaka 2002; tangu mwaka 2012 Bariadi, Maswa na Meatu zimo katika Mkoa wa Simiyu, na Bukombe imo katika Mkoa wa Geita. Wataalamu waliokwenda kuchunguza katika miaka ile walihesabu aina 152 za mimea katika maeneo yaliyorudishwa, na aina 145 za ndege. Walipoweka thamani ya fedha juu ya kuni, nguzo, malisho, dawa za mitishamba, asali, mboga na matunda, waliona ya kuwa faida kwa mtu mmoja ilikuwa kama dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa shamba katika Tanzania yalikuwa dola 8 na nusu. Mtu akitaka kubishana na hesabu hiyo na abishane. Sisi tunaoijua kazi ya kutafuta kuni twaona ya kuwa faida kubwa kuliko zote ni zile saa walizorudishiwa kina mama kila siku, ambazo hazikuingia katika kitabu cha mtu yeyote. Vijiji vingine viliuza haki ya kulisha au nguzo kutoka ngitili ya kijiji, na fedha ile ikajenga madarasa na nyumba za waalimu.

Tusiseme mema tu, maana kitabu cha ukumbusho kisiwe kitabu cha kujisifu. Msitu uliporudi, fisi naye alirudi. Mifugo imeliwa, mazao yameharibiwa na wanyama na ndege, na hasara hiyo, ingawa wachunguzi waliikuta kuwa ndogo ukiilinganisha na faida, humwangukia mtu mmoja usiku mmoja, wala si kijiji kizima kwa mwaka mzima. Tena yuko asiye na ngitili. Mwenye ardhi nyingi alifunga kwingi akapata kwingi. Mjane mwenye eka mbili alifunga nini? Yeye humtegemea ndugu, au huitegemea ngitili ya kijiji, na ikiwa ngitili ya kijiji haina usimamizi wa haki, huona miti inakua upande wa pili wa njia kama vile mtu mwenye njaa anavyoona moshi wa jiko la jirani. Twaona hii ndiyo kasoro kubwa ya kazi yote, nayo haitaondolewa na miti peke yake.

Na wako wale waliohama. Ndugu zetu waliokwenda kusini kwa kukosa nyasi walifika mpaka bonde la Usangu na Ihefu, na mwaka 2006 waliondolewa huko na mifugo yao kwa amri ya Serikali, kwa sababu maji ya Mto Ruaha Mkuu yalikuwa yanakauka. Wengine walielekea Lindi na Pwani. Hatuwezi kuitazama ngitili ya leo bila kuwakumbuka hao, maana kila eka inayofunguliwa kwa plau huku ni ng'ombe kadha wanaopelekwa kwa jirani asiyewataka kule.

Jambo lililo mbele yetu sasa ndilo lililotufanya tuandike. Ngitili nyingi zilifungwa na watu ambao sasa ni wazee au wamekwisha kufariki. Ngitili ya eka kumi ikigawiwa watoto sita haiwi ngitili tena, huwa viwanja. Miji ya Shinyanga, Kahama na Mwanza yataka mkaa, na mnunuzi wa mkaa hulipa fedha taslimu siku ile ile, hali mgunga uliosimama hulipa kidogo kidogo kwa miaka. Katika sehemu za tumbaku, mabani ya kukaushia yataka kuni kila msimu. Pamba nayo ikipanda bei, na sote huomba ipande, jicho la mkulima huanza kupima ile ardhi iliyo na miti.

Sheria zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu kaya au kikundi kupewa hati ya haki miliki ya kimila, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi, kuusimamia chenyewe na kutumia mapato yake. Hati hizo huandikwa kwa jina la kikundi vile vile kama kwa jina la mtu. Kwa hiyo ndugu sita wanaorithi ngitili moja hawalazimiki kuikata vipande. Waweza kuishika pamoja, wakagawana malisho na kuni badala ya kugawana udongo. Hiyo ni kanuni ambayo wanachama wa ushirika wanaijua tangu siku ya kwanza walipopima pamba katika mizani moja. Twaona chama cha msingi, ambacho kina katibu, kitabu cha mihutasari na desturi ya kukagua hesabu, ni mahali panapofaa kuandikishia makubaliano ya namna hiyo, na pia kuulizia kama ngitili ya kijiji imemfikia yule mjane wa eka mbili. Hatusemi chama kinyang'anye kazi ya halmashauri ya kijiji wala ya dagashida. Twasema makubaliano ya mdomo yalitosha kwa wazee waliojuana kwa majina, nayo hayatoshi kwa wajukuu wanaoishi Mwanza na kurudi nyumbani wakati wa msiba tu.

Wajumbe wa mkutano mkuu watakaopata kitabu hiki wamebakiwa na majuma machache kabla ya mvua. Kabla ya Novemba mipaka ya ngitili hutembelewa, miiba hurudishwa palipovunjika, na majirani huonyeshana alama. Mbegu za migunga zikusanywe mapema, zitwangwe kutoka katika maganda yake na kuwekwa mahali pakavu. Na anayeotesha miche katika vifuko aianze sasa, ili mvua ikishika iwe na kimo cha kuhimili.